Kodi ya Mabati

Jumamosi, mwaka wa kwanza wa Uhuru.

Itangazwe kwa ulimwengu mzima kwamba leo mvua imenyesha na hakuna hata tone lililoanguka kwenye sahani yangu ya obusuma, ugali wetu. Mabati mapya yanafanya kazi.

Shida ni lile baraza la mchana. Chifu alisema darasa la binti yetu Rasoa linavuja mpaka watoto wanakaa kwenye matope, basi tupige kura: kila nyumba ya mabati ilipe kodi ya shule, za nyasi zisamehewe. Nikaona ni haki. Nikainua mkono.

Jirani yangu Makokha akainua miwili.

"Makokha, si nyumba yako ni ya nyasi?"

"Ndiyo maana, ndugu yangu. Hata mimi nataka watoto wasome."

Watu wakanipigia makofi, sijui kwa nini. Nilipiga kura kama baba, au kama mwenye paa? Na kama sote tulikubali, mbona mimi peke yangu ndiye...

Mke wangu ameuliza swali moja tu. "Baba Rasoa, nyumba za mabati hapa kwetu ni ngapi?"

Ni yetu na ya chifu. Ya chifu ni mali ya serikali, hailipi.