Kwa Nini Sikutumii Kalibu

Mtaa wa Nyuma ya Gati,
Gelibolu.
18 Oktoba 1992

Mpendwa mdogo wangu Ferruh,

Pokea salamu tele, wewe na shemeji Sevim. Baridi ya Koln imekwisha kuanza? Na mgongo wako je, bado unakusumbua ukitoka zamu? Sisi huku ni wazima, ila goti langu la kushoto linalalamika. Nezihe anasema goti hilo huuma siku za kupandisha kuni tu, siku za kwenda kuvua limepona kabisa. Mwache aseme.

Barua yako ilifika Jumanne, na samaki wetu wa lufer wamefika Jumatano. Wanashuka mlangobahari kwa makundi, gati zima limejaa watu na mishipi. Kwa hiyo nakuandikia huku vidole vinanuka samaki, usishangae.

Kabla sijajibu ulichoniuliza, ujue kwamba mwanangu Belkis ana mimba ya miezi saba. Sikukwambia mapema, na sababu unaijua. Zile mbili za mwanzo tulizitangaza mpaka kwenu Ujerumani, kisha ya kwanza ikatoka ikiwa na miezi minne na ya pili mitano. Safari hii tumefunga midomo. Mama yake, Nezihe, kila asubuhi huenda kumwona, humtazama usoni kwanza, ndipo amsalimu.

Haya, unataka nikutumie kalibu yangu ujitengenezee nyumbani chubwi za kuzamishia mshipi, kwa sababu mto wa huko una mkondo mkali na za dukani ni nyepesi. Nitakueleza, lakini nakuomba, usiwashe jiko kabla hujamaliza barua hii yote.

Kalibu yangu niliichonga kwenye jiwe laini, vipande viwili vinavyofumbatana, nikavifunga kwa waya. Madini ya risasi naokota kwa mafundi wa magurudumu, vile vipande vya kusawazishia. Unayeyusha kwenye sufuria kuukuu, unaengua takataka ya kijivu inayoelea juu kwa kijiko, kisha unamimina kwa mkono mmoja bila kusita. Ukisita tu, chubwi inatoka na mikunjo.

Mimi husita. Belkis hasiti. Tangu kabla hajaolewa yeye ndiye mmiminaji wangu, na alipoolewa na Yavuz wakahamia ghorofa ya juu, aliendelea kushuka kila jioni ya vuli tukafanya kazi pamoja. Tulikuwa tukifunga dirisha, maana jiwe likipigwa na upepo linapoa na risasi haijai vizuri. Nezihe alikuwa akitupigia kelele, "Wewe Saffet na risasi yako, si ungeioa tu!" Ferruh, nilikuwa na raha jioni zile. Nusu ya watu wa gatini wanavulia chubwi za mwanangu.

Kuna jambo lilinitatiza miaka. Kalibu ikiwa na unyevu kidogo tu, risasi inaruka kama imechokozwa. Nina kovu mkononi la kuthibitisha. Lakini Bi Hayriye, mganga wa mtaani, anapoimimina ndani ya bakuli zima la maji kumwondolea mtu jicho la husuda, inapiga mlio tu na kuganda. Vipi tone liwe na hasira kuliko bakuli? Nilijaribu na kopo, nikajaribu na tundu la kiazi, mpaka nikafahamu: mvuke ukikosa pa kutokea ndipo unapolipuka. Nilifurahi kama mtu aliyegundua bara jipya. Ona sasa, nilichunguza kila kitu cha risasi isipokuwa kile cha muhimu.

Maana Bi Hayriye alimmiminia Belkis pia. Mimba ya kwanza ilipotoka, tulimfunika mwanangu shuka, bakuli likashikwa juu ya kichwa chake, na risasi niliitoa mimi mwenyewe kwenye ndoo yangu. Iliganda na miiba na mashimo. Bi Hayriye akaigeuzageuza, akasema, "Jicho hilo, na ni la buluu."

Mtaani petu mwenye macho ya buluu ni Mualla, mke wa mwoka mikate. Tena ndiye shoga wa Belkis tangu shule. Na kweli, wiki mbili kabla alikuwa amemwambia, "Tumbo limekupendeza wewe!" akasahau kusema mashallah. Basi tukakata shauri. Nilikwenda mwenyewe mlangoni kwake nikamwambia asikanyage tena kwetu. Hata wewe uliandika kutoka huko kwamba nimefanya vyema, ama umesahau? Na ya pili ilipotoka hali Mualla hajaja hata mara moja, tulisema alimwona kwa mbali.

Sasa sikiliza. Mwezi wa Julai mwaka huu nilikuwa gatini, karibu na mgeni mmoja, Mzee Vedat, aliyestaafu kazi ya kupanga herufi za risasi katika kiwanda cha kuchapa magazeti Izmir. Nikampa chubwi mbili za Belkis. Akazipima mkononi, akaniuliza, "Za nyumbani hizi? Mtindi unakunywa lakini?"

Nikadhani ananitania. "Mtindi wa nini?"

"Wa risasi, bwana wee! Sisi tulipewa bakuli kila siku, eti unazuia sumu ya herufi."

Unanijua, swali likiniingia halitoki. Nikamwuliza sumu gani, inaingia wapi, moshi au vumbi, inamdhuru nani zaidi. Alijibu yote akicheka, mpaka nilipomwuliza kuhusu wanawake. Hapo akaacha kucheka. "Chumba cha kuyeyushia walikatazwa. Walioingia zamani mimba zao hazikukaa."

Niliuacha mshipi palepale gatini. Sijui nilifikaje nyumbani, najua tu kwamba nilimkuta Belkis jikoni, na mimba yake ya miezi minne, anapangusa kalibu kwa pembe ya aproni ya mama yake, anasema, "Baba, tuanze mapema mwaka huu?"

Nilimpeleka hospitali siku iliyofuata. Damu ikapelekwa Istanbul, majibu yakachukua siku kumi na moja. Risasi imo, tena nyingi kupita kiasi. Daktari hakuapa kwamba ndiyo iliyowatoa wale wawili, alisema inaweza. Kuhusu mtindi aliniambia ni chakula kizuri, basi, sumu hauizuii. Akaamuru Belkis ahame nyumba ile. Sasa yuko kwa shangazi yake Yavuz, mtaa wa juu, na vipimo vya pili vimeshuka kidogo. Mtoto anacheza tumboni. Bado tuna hofu, sitakuficha, lakini huu ni mwezi ambao hatujapata kuufikia.

Nilimwambia Belkis mwenyewe, nimekaa mbele yake kama mshitakiwa. Nilingoja anilaani, maana mimi ndiye niliyefunga lile dirisha. Yeye akasema, "Baba, kumbe si Mualla?"

Hilo tu. Ningefurahi zaidi kama angenipiga kofi.

Jana asubuhi nilikwenda duka la mikate kwa mlango wa nyuma. Mualla alikuwa anakanda. Aliponiona akainamisha uso haraka, amezoea, miaka minne anavuta kitambaa mpaka kwenye nyusi na kupita njia ya mzunguko ili asikutane na binti yangu. Nilimweleza kila kitu. Nilimwambia nimemdhulumu, na sina pa kuuweka uso wangu. Aliendelea kukanda ule unga mpaka nikadhani hajanisikia.

"Ana miezi mingapi?" akauliza.

"Saba. Njoo umtazame."

"Kwa macho haya haya, mjomba?"

"Kwa hayo hayo."

Kwa hiyo kalibu sikutumii, Ferruh. Nimeivunja kwa nyundo, na ile ndoo wameichukua watu wa hospitali. Nunua chubwi dukani, na zikiwa nyepesi funga mbili. Kama umekwisha yeyusha hata mara moja jikoni kwa Sevim, mpeleke apimwe damu, nakusihi. Bado mnangoja mtoto ninyi pia.

Mualla alinawa mikono tukapanda pamoja hadi mtaa wa juu, kwa shangazi yake Yavuz. Mlangoni akasimama, macho chini, anasema mashallah, mashallah, mashallah, hakomi. Belkis akamshika mkono, akauweka tumboni. "Basi, Mualla, imetosha. Inua uso unione."

Nisalimie shemeji Sevim sana. Nezihe, Belkis na Yavuz wanakusalimuni. Mungu awahifadhi huko ugenini na atupe sote watoto wazima.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Saffet