Mshale Kati ya Alama Mbili

Jumatatu, 8 Septemba 1913
Zamu yangu tena. Wenzangu wanasoma, mimi natazama mshale wa kipimo kwenye mashine ya umeme. Maji ya mfereji yanazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha mashine, darasa letu la jioni linapata taa. Mshale ukikaa kati ya alama mbili nyekundu, mambo ni mazuri. Leo ulilala chini. Kiangazi, maji ni machache. Herufi zilififia. Naeli, mwenzangu wa darasa, ananiita Bibi Mshale. Aite tu.

Jumatano, 10 Septemba
Bwana Fundi, Mdachi aliyefunga mashine, ametueleza volti, yaani nguvu ya umeme inavyopimwa. Watu wa nchi nyingi walikaa wakakubaliana kipimo kimoja. Ndiyo maana taa ya nchi moja huwaka kwa mashine ya nchi nyingine. Nimelipenda sana jambo hili.

Ijumaa, 12 Septemba
Msiba. Baba na wenzake wa mfereji wa juu walisikia taa yetu ni hafifu. Wakatuhurumia. Jioni wakainyima migomba yao maji, wakabomoa kizuizi chote cha mfereji ili maji yote yaje shuleni. Zawadi. Mshale ukaruka alama zote mbili. Nilipiga kelele. Taa ikang'aa vibaya, ikaungua.

Imebaki moja. Mwalimu amesema nayo ikiungua, darasa la jioni la wasichana limekwisha. Mchana tuko shambani. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Jumamosi, 13 Septemba
Nilikwenda nyumbani. Hata sijamaliza shikamoo, Baba akauliza, "Mwanga mliuona?" Uso wote fahari. Nikamwambia taa imekufa, kwa kuwa ina kiasi chake: ikipunjwa hufifia, ikizidishiwa huungua.

"Kumbe ni ndama," akasema. "Ukimwachia maziwa yote, anahara."

Mama alicheka mpaka akaketi. Mimi pia. Nikamwomba Baba atupimie maji, maana kwa mila sisi wanawake hatugusi mfereji. Amekubali.

Jumanne, 16 Septemba
Tumejaribu mchana, taa haijafungwa. Baba juu, akiondoa mashina ya migomba kwenye kizuizi walichokijenga upya, moja moja. Mimi kwenye mshale. Naeli mlangoni, sauti yake ingefika Arusha bomani: "Ongeza! Ongeza! Basi, Baba Ester, basi!" Baba akachanja alama kwenye mti wa kizuizi. Wenye zamu za maji wote wameonyeshwa. Maji ya shule mwisho hapo.

Sikuogopa. Nilijua kiasi chake.

Alhamisi, 18 Septemba
Taa ya mwisho imewaka. Mshale umetulia katikati. Baba alichungulia dirishani, akaenda zake.

Mwalimu akanigusa bega. Mshale hauhitaji mtu leo, akasema. Akanipa kitabu.

Nimesoma.