Onyo kwa Kibajuni, Kadi kwa Kisomali

Ami Shee,

Assalamu alaikum. Mtu akipita makaburini hutoa salamu hata kama hajibiwi, basi sioni kwa nini barua isianze hivyo hivyo.

Huu ni mwezi wa saba tangu tukuzike. Firimbi yako ninayo mimi. Mkeo, Mama Fatma, alinipa siku ya arubaini, imo ndani ya leso pamoja na zile kadi zako mbili, na fundo ni lile ulilolifunga mwenyewe. Ya njano uliikata kwenye dumu la mafuta ya kupikia, nyekundu kwenye kifuniko cha ndoo. Nikamwambia siku hizi hapa Kismayu kadi za kumtoa mtu zipo dukani. Akasema, "Hizo za dukani hazijamtoa mchu."

Nikachukua za kwako.

Sikutaka kuwa refa, wewe unajua. Nilikushikia kibendera miaka yote ile kwa sababu mpira wenyewe ulinikataa. Ulikuwa ukisema mguu wangu mzuri ni ule niliousahau nyumbani. Lakini ulipokwenda, vijana wa uwanjani walikuja mlangoni kwangu kana kwamba jambo limeshaamuliwa, na mimi sikuwa na sababu ya kukataa ila woga, na woga si sababu ya kumwambia mtu.

Uwanja ni ule ule nyuma ya bandari. Milingoti ya goli sasa ni mabomba ya chuma. Timu ya madereva wa bajaji wameshona jezi. Wachezaji wanamtukana refa kama zamani, ila siku hizi wanatukana huku mwenzao anarekodi kwa simu.

Matusi nayaweza. Nafanya ulivyokuwa ukifanya: mikono nyuma, mmoja umeushika mwenzake, na kusubiri. "Mchu akitukanwa hufa? Hafi. Basi mngoje amalize." Akishamaliza ndipo ulipomwita pembeni na kumpa maneno mawili kwa lugha ya kwao, Mbajuni kwa Kibajuni, Msomali kwa Kisomali. Onyo ni la mchu na nyumba yao, ndivyo ulivyosema. Lakini ukimtoa mtu uwanjani, ulisema kwa Kisomali na kwa sauti, hata awe Mbajuni mwenzako. Mimi nilidhani ni mazoea yako tu, kama ulivyokuwa ukitia chumvi kwenye chai. Sikukuuliza. Hilo ndilo kosa langu, na nakuandikia kwa ajili yake.

Ilikuwa fainali, Chovai ya Wabajuni wenzetu na madereva wa bajaji, Wasomali. Athmani, mwanao, anachezea Chovai, na tangu mazishi ni mpira tu uliokuwa ukimtoa nyumbani. Niliwaambia manahodha wote wawili kwamba huyu ni mwana wa ami yangu, watafute refa mwingine. Abdi, nahodha wa madereva, akasema tukitafuta refa asiye na jamaa uwanjani tutacheza mwakani. Basi nikapuliza.

Kipindi cha pili, bado hakuna bao. Athmani akaanguka ndani ya boksi na mimi nikasema chezeni, kwa sababu beki aligusa mpira, hakumgusa yeye. Niliona vizuri. Akaja mbio akanisukuma kifuani kwa mikono yote miwili, nikakaa kitako mchangani mbele ya watu wote. Akaniambia, "Umeshika firimbi ya baba, macho yake huna."

Iliniuma. Zaidi ya kuanguka.

Niliinuka, nikatia mikono nyuma, nikasubiri. Mpaka hapo ungenipenda. Kisha nikamshika mkono, nikampeleka pembeni, nikamwambia kwa Kibajuni, polepole, "Athmani, mchu wangu, pumua kwanza." Akafunika uso kwa jezi. Nikamwambia na mimi namkosa baba yake. Tukasimama pale, sijui muda gani, watu wawili wa nyumba moja tukinong'onezana.

Nilipogeuka, madereva wote walikuwa wamekaa chini mchangani. Hakuna aliyepiga kelele. Abdi peke yake ndiye aliyesimama, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Refa, mmekubaliana nini?"

Ndipo nilipokuelewa, Ami, nawe umeshakwenda miezi kadhaa. Wao hawakujua nimesema nini. Walichoona ni mtu amemsukuma refa, na refa amemchukua kando akamsemesha lugha ya kwao. Kumsukuma refa hakuna onyo, ni nyekundu, na mimi nililijua hilo. Nililiweka nyuma ya msiba wetu. Siku ile ningeimaliza fainali yangu kwa onyo tu, lakini hakuna Msomali ambaye angeamini tena firimbi ya Mbajuni, na imani hiyo uliijenga wewe tangu sijazaliwa.

Nikawaita manahodha wote wawili. Nikasema kwa Kisomali, kwa sauti, mpaka walio nje ya mstari wakasikia: huyu amenisukuma, na mimi nimekosea kumsemesha kwa lugha msiyoielewa. Nilimwambia apumue, nikamwambia namkosa baba yake. Hayo tu. Kisha nikatoa kile kifuniko chako.

Athmani akatoka. Madereva wakainuka, mpira ukaendelea, na Chovai wakiwa kumi walifungwa moja dakika za mwisho.

Wiki tatu Mama Fatma hakunitumia salamu. Watu wa Chovai sokoni walinisalimia kwa kidevu.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, Athmani akaja kwangu na papa mkavu ndani ya gazeti, zawadi ya mamake. Nikajua nimesamehewa na mmoja. Akakaa. Hakuzunguka: "Baba angenitoa?"

Nilitaka kumpa neno laini. Nikamwambia, "Angekutoa kabla hajapangusa mchanga."

Akacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike, na kicheko kikamgeukia kilio. Nikatia mikono nyuma nikamngoja amalize.

Kisha akaomba aione ile kadi. Uwanjani hakuitazama, na wewe hukumwachia mtu kuishika. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo ulioungua nusu. Akasema ukingo huo aliuunguza yeye jikoni, alipokuwa mdogo, na mamake akamchapa. Hicho ni kifuniko cha ndoo yao ya maji. Mama Fatma alikitafuta nyumba nzima, akawalaumu majirani, na tangu hapo maji anayafunika kwa sinia.

Kumbe kadi ya kumtoa mtu uliikata nyumbani kwako mwenyewe, Ami. Dukani ndoo zilikuwa zimejaa.

Sina la kukuahidi kubwa. Onyo nitalitoa kwa lugha ya mtu na kadi kwa lugha ya wote, na nikikosea nitasema kwa sauti ile ile. Athmani akimaliza adhabu yake atacheza, na akinisukuma tena atatoka tena. Allah akunawirishie kaburi lako.

Mama Fatma ameshaambiwa kifuniko kiko wapi. Amesema nisikirudishe.

Mwana wa nduguyo,
Bwana Kombo