Seva Inayoanguka Ijumaa

Ijumaa, 7 Novemba 2025

Imeanguka tena. Na ni Ijumaa tena!

Sijamaliza sahani yangu ya wali, Ami Abdulghafur kapiga simu. Hakuna salamu, hakuna nini. Ati, "Lamis, mwanangu, mtambo wako umekufa." Mtambo wangu, mimi niliye fundi wake tu! Ukifanya kazi ni wake, ukifa ni wangu. Nikapanda tuktuk kutoka Ndia Kuu mpaka ofisini kwake Kilindini, kwenye uwakala wake wa mizigo, mkono wanuka samaki.

Ofisi ni tanuri. Makarani wamerudi msikitini, kanzu zimewaganda mgongoni, wamekaa mbele ya kompyuta hawana la kufanya. Karatasi zote za mizigo wanazoshughulikia zimo ndani ya seva ile moja. Seva ikilala, kontena za watu zalala bandarini. Nikaiwasha upya, ikaamka kama haijui kitu.

Si umeme — ina betri yake. Si diski. Ni kiini chenyewe kilichoanguka, ule moyo wa mfumo mzima. Rekodi iliyobaki kwenye seva yaonyesha kilianguka kikiwa kwenye sehemu inayogawa faili kwa mtandao. Na kabla ya hapo mtandao ulikatika kwa muda mrefu, kisha ukarudi.

Ulijikata wenyewe? Mtandao haujikati.

Jumamosi, 8 Novemba

Hussam kanivuta kando kwenye ngazi. Hussam ni mkwe wa Ami na mkubwa wa makarani, na sauti yake ya kunong'ona yasikika mpaka barabarani.

Kaniuliza, nani hubaki ofisini saa ya sala ya Ijumaa? Yeye ajua na mimi najua. Wanaume wote huenda msikitini, Ruweida, karani mwanamke pekee, huenda kwao kusali na kula. Hubaki Thoya, Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo, anayeachiwa simu. "Mimi sisemi kitu," kasema Hussam. Mtu akisema hivyo ujue keshasema. Eti kuna wakala mwenzao mjini anawaonea kijicho, na kijana kama yule kununulika si kazi.

Nikamwambia dini ya mtu asiingize katika mambo ya mitambo. Kacheka.

Seva ile ilipokuja, Thoya ndiye aliyenibebea mpaka ghorofa ya pili, lifti mbovu, jasho lamchuruzika, na soda niliyompa kaigawa na mlinzi. Lakini maneno ya Hussam nimerudi nayo nyumbani. Nimekunywa chai nayo.

Jumatano, 12 Novemba

Leo nimekwenda ofisini, nikasingizia kupangusa vumbi kwenye seva. Kumbe nampeleleza mtu. Mimi!

Thoya aimba nyimbo zake za kwaya chini kwa chini, agonga mihuri. Nilipomkaribia kageuza simu yake kifudifudi. Kwa nini? Halafu kaniuliza, kwa upole tu: "Dada Lamis, ile kamera ya koridoni yafanya kazi kweli, au ni pambo?"

Mtu safi aulizia kamera ya nini?

Nikamwambia Ami. Kanishika bega. "Usimuulize lolote. Ukimuuliza atashtuka, na akishtuka tumempoteza. Mwache Ijumaa ifike." Nikakubali. Naliona ni busara.

Ijumaa, 14 Novemba

Imeanguka. Safari hii tuna picha.

Tumeketi chumbani mwa Ami, mimi, yeye na Hussam, mlango umefungwa. Kwenye kamera adhana yalia na kila mtu ainuka kama alivyo, faili zao zimeachwa wazi kwenye kompyuta, viatu mkononi. Koridoni hakuna mtu. Thoya atoka. Atazama kushoto, atazama kulia. Afungua kile kichumba cha seva, aingia, apeleka mkono juu ukutani nyuma ya mlango — hapo kamera haioni — kisha atoka. Muda kidogo kabla watu hawajarudi, aingia tena, mkono ule ule, mahali pale pale.

Na dakika hiyo hiyo seva yafa.

Hussam kapiga meza. "Sikuwaambia mimi?" Ami kasema astaghfirullahi. Kushoto na kulia, nimemwona kwa macho yangu mwenyewe! Na joto lile ofisini, shati la Ami lilikuwa limelowa kama katoka kuogelea.

Jumamosi, 15 Novemba

Kafukuzwa.

Kasimama mbele ya meza ya Ami, mikono nyuma. "Mzee, nimefanya nini?" Ami kamjibu, "Wajua ulichofanya." Kauliza tena. Kajibiwa vile vile. Hakuna aliyemwambia kitu, si Ami, si Hussam. Wala mimi. Nalikuwa pembeni nakunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

Akitoka katuaga wote kwa pamoja, kisha mimi peke yangu. "Haya, Dada Lamis."

Mamangu kaniuliza mbona sili. Nikasema joto.

Jumanne, 18 Novemba

Siku nzima nimesoma msimbo wa kiini. Macho yamekuwa mekundu, mama asema nimekuwa kama mla mirungi.

Nimeipata! Nafikiri nimeipata. Kila kompyuta ikifungua faili, seva huipa kufuli yake. Kompyuta ikinyamaza muda mrefu, seva husema huyu kafa, humfuta. Sawa. Lakini msimbo wamfuta mwenyewe na kusahau kufuli aliyoishika. Kompyuta ikirudi kuirudisha, kiini chamtafuta mwenye kufuli mahali ambapo hayupo tena. Ni kama mpangaji karudi na ufunguo wa nyumba iliyokwisha kubomolewa, na mwenye nyumba aingia naye gizani. Hapo ndipo kiini huanguka. Zikirudi kompyuta zote kwa pamoja, ndio hakuna pa kupona.

Basi hakuna aliyeingia kwenye seva. Hakuna nywila iliyoibwa wala amri iliyoandikwa. Kosa ni la walioandika msimbo, wako huko ulimwenguni hata Mombasa hawaijui.

Lakini mkono ule ukutani? Mtu wa kuijua hitilafu hii na kuitumia angekuwa bingwa wa mabingwa, na Thoya printa ikiishiwa karatasi hunipigia simu mimi. Au ajifanya? Wajinga wa kujifanya ndio wabaya zaidi.

Ijumaa, 21 Novemba

Haikuanguka.

Nalikwenda mwenyewe kuwasubiri watoke msikitini. Seva yanguruma salama salimini. Hussam kaingia, kaiangalia, kaniangalia, kachekelea. Ami kaagiza halwa na kahawa. "Ushahidi gani wautaka tena?" Jumamosi ijayo, akirudi safari yake ya Lamu, atakwenda polisi kuandikisha. Yule kijana hakutuonea haya, asema, basi sheria nayo isimwonee haya.

Watu wala halwa, mimi nimejifunika mtandio mpaka shingoni. Ruweida kaniuliza kama nina homa.

Sina homa. Ofisi ilikuwa baridi!

Imenijia hapa nyumbani, mswaki mdomoni. AC imepuliza saa nzima ya sala. Ijumaa zile zilizotangulia, watu wakirudi hukuta tanuri. Nani alikuwa akiizima? Na swichi ya AC iko wapi?

Jumapili, 23 Novemba

Nimempigia Thoya. Hakushika. Nikampigia tena, kashika. Nikamwomba aje kwenye karakana yangu hapa Mji wa Kale. Kaja, kakataa kiti, kakataa chai. Mgiriama kukataa chai yangu! Nikajua nimemuumiza.

Nikamuuliza hivyo hivyo, waziwazi: Ijumaa, kwenye kile kichumba, ulikuwa ukifanya nini?

Kanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Nazima AC."

Ami aliwakusanya mwezi wa tisa, kasema kuipulizia upepo viti vitupu ni israfu, na israfu ni dhambi, anayebaki azime, na awashe kabla watu hawajarudi. Anayebaki ni Thoya. Swichi iko nyuma ya mlango ule. Basi.

Kwa nini watazama kushoto na kulia? "Natazama kama Bi Ruweida keshatoka. Nitamzimia vipi na joto lile?"

Na kamera? Hapo kaona haya. Alikuwa akilala kidogo koridoni, kwenye mkeka wa kusalia wa Hussam, akaogopa Hussam ataona, Ijumaa ile hakulala. Na simu? Ni picha za nyumba anayojenga mamake, haijaezekwa, hakutaka nione.

Nikamweleza yanayosemwa juu yake, kijicho, wakala, polisi. Alikuwa hajui lolote! Wiki nzima kakaa nyumbani ajiuliza aliiba nini. Kainama, kapangusa uso kwa viganja.

"Dada Lamis, si ungeniuliza tu?"

Nimeona haya, wallahi, haya ya kutaka kujifukia.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimepanda ngazi na tochi ndani ya kichumba cha seva. Ndivyo! Kisanduku cha mtandao, kile kiunganishacho kompyuta zote na seva, kinachukua umeme kwa ekstensheni kutoka laini ya AC. Ukizima AC wazima mtandao wote. Seva yabaki macho kwa betri yake, yaona kila mtu kanyamaza, yawafuta mmoja mmoja. Thoya awasha, wote warudi pamoja na funguo zao. Puu!

Na soketi ya zamani ya kile kisanduku, je? Ina birika la chai. La Hussam.

Hussam! Ndiye aliyehamisha. Na ndiye aliyepiga kelele kwanza. Na ndiye mwenye kisa na Thoya tangu… Nikasimama pale juu ya ngazi na tochi yangu. Tangu lini? Kisa gani? Naanza tena! Mtu kataka chai tu. Lamis, shindwa.

Nitamuuliza. Kwa mdomo.

Jumanne, 25 Novemba

Nimemuuliza Hussam. Kasema ndiyo, kahamisha, chai ilikuwa yapoa, kuna nini? Kasema bila kupepesa. Sijui nimwamini. Namwamini.

Ami ni mgumu zaidi. Nimempigia Lamu, nikamweleza yote, msimbo, kufuli, ekstensheni. Kanijibu: "Mimi nalisema AC. Sikusema mtandao." Nikamwambia hata Thoya hakujua kwamba azima mtandao, ndiyo habari yenyewe. "Kwa hiyo kosa ni langu?" Hapana, Ami, kosa ni la msimbo. "Nalimfukuza mtu kwa sababu ya msimbo?"

Hapo ndipo panapomuuma. Tumekubaliana Ijumaa nimwonyeshe kwa macho yake. Kiini kilichorekebishwa ninacho tayari kwenye flashi, sitakitia kwenye seva mpaka aone. Akiona, Thoya arudi. Asipoona, Jumamosi ni polisi.

Ijumaa, 28 Novemba

Naandika nimekaa kwenye ngazi za ofisi, ghorofa ya kwanza.

Adhana, wakainuka wote. Ruweida kaaga. Nikabaki peke yangu. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia — nikajicheka. Nikazima AC. Taa za kisanduku cha mtandao zikafa. Nikakaa na joto langu.

Thoya kaja, lakini juu hakupanda. Kasema atasubiri hapa ngazini, mpaka mzee amwite mwenyewe.

Wakarudi. Nikamsimamisha Ami mbele ya seva, Hussam nyuma yake, makarani mlangoni. Nikasema bismillahi, nikawasha. Taa moja, taa nyingine. Kompyuta zikaanza kurudi. Skrini ikajaa maandishi, yakakimbia, yakasimama. Imekufa. Sawasawa kama nilivyosema!

Nikageuka na furaha yangu yote. "Umeona, Ami? Thoya hayumo, na imeanguka."

Hakuwa akiitazama seva. Alikuwa akinitazama mimi, hivi, kwa utulivu, kama mtu anionaye leo kwanza.

"Lamis," kasema. "Saa yote ya sala, ulikuwa humu peke yako?"

Hussam kageukia mlangoni, kaangalia juu, kwenye kamera ya koridoni.

Nimechukua flashi yangu, nimeshuka. Wako ndani, mlango umefungwa, na sauti ya Hussam ya kunong'ona naisikia mpaka hapa. Flashi iko mkononi mwangu, imelowa jasho. Thoya kasogea kunipa nafasi, ameketi ngazi moja chini yangu, shati lake limepigwa pasi.

"Vipi, Dada? Amesema nipande?"