Maji Yalifika Wapi?

Mpendwa Baba Akinyi,

Leo nimelala mchana, jambo ambalo ulikuwa ukisema ni la wagonjwa. Nimelala kwa sababu binti yetu yuko hai na nimemsikia akicheka kwenye simu. Acha nikueleze tangu mwanzo, maana na wewe una mkono wako humo.

Unakumbuka ulipokuja kwetu Kombewa, huko Seme, kujitambulisha? Uliletewa kiti, na kabla hujakaa ukaukagua ukuta wa baba yangu, kisha ukamwuliza, "Mzee, maji yalifika wapi hapa?" Mjomba wangu nusura apaliwe na chai. "Mwalimu, huku Seme sisi tunatafuta maji," akakwambia, "na wewe unauliza imefika wapi?" Nilitamani ardhi inimeze.

Sikujua bado maana ya kuzaliwa Kano, kando ya mto Nyando, ambako mvua ikinyesha huko juu kwenye vilima vya Nandi, nyinyi wa chini ndio mnaohama. Ulifundisha jiografia mpaka ukastaafu, lakini kwangu niliona somo lako ni hilo moja tu. Kila nyumba tuliyoingia, hata ya matanga, ulitafuta alama ya tope ukutani. Mimi nilikukanyaga mguu chini ya meza ili unyamaze. Akinyi alikuwa akikutazama wewe.

Alipopata nafasi ya kwenda kusomea kilimo cha mpunga Taiwan, nilimwonya, "Huko usianze kuuliza watu mambo ya baba yako. Watasema hatukukulea." Akaitikia, "Sawa, Mama."

Ungepapenda mahali pale. Ni bonde refu huko Hualien, mashariki ya kisiwa, milima pande mbili na mto wenye mawe katikati. Waamis, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa wakilima hapo zamani. Wajapani walipowatawala wakapitisha reli, wakajenga na kiwanda cha sukari. "Mama, ni Muhoroni tu," aliniambia, "ila huku ardhi inatetemeka." Hapo sikucheka.

Kumbe siku ya kutafuta chumba alimwuliza mwenye nyumba, bibi mzee wa Kiamis, swali lako lile lile, kwa Kichina chake cha kuungaunga. Bibi hakucheka. Alimshika mkono, akamwonyesha kwenye ukuta mahali maji yalipofika yeye alipokuwa msichana. Kisha akampeleka apange kwa dada yake, anayekaa mtaa wa juu, penye ngazi nyingi za mawe. Wanafunzi wenzake walimcheka kwa kuzipanda kila siku na mkoba wa vitabu.

Juzi dhoruba ikapiga, mto ukaingia mjini na tope lake. Nilisikia redioni nikiwa sokoni Kibuye, nikiwapimia wateja mchele. Simu yake haikuingia siku nzima. Nilipiga mpaka jirani yangu anayeuza nyanya akaninyang'anya simu ili nipumzike. Jana asubuhi ikaita yenyewe.

"Mama, niko sawa. Niko huku juu. Yule bibi wa kule chini pia ako hapa, ananilazimisha kula."

Nililia mbele ya wateja, Baba Akinyi, na sikuona aibu hata kidogo.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Binti yako hakulisikia langu, na miguu yake yote miwili ni mizima. Nimefurahi sana kwamba hakunisikia. Nisamehe kwa kukunyamazisha kwenye nyumba za watu, na kwa ule mguu niliokuwa nikikukanyaga.

Mimi sasa nina amani. Pumzika kwa amani na wewe.

Ila nakujua. Ungekuwa hapa, hata kabla ya kuuliza kama amekula, ungeuliza lile swali. Basi nilimwuliza mimi. Yalifika ngazi ya kumi na mbili, Mwalimu. Mlango wa binti yako uko kwenye ya arobaini.

Mkeo,
Mama Akinyi, msichana wa kule kusikokuwa na maji