Kimya Nilichokuachia Mwishoni mwa Wimbo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ghati wa jirani akusomee barua hii polepole, asiruke mistari kama anavyoiruka ya Biblia. Goti linaendeleaje? Mvua imewafikia hapo Turwa, au mahindi bado yanasubiri? Mimi huku Ayalandi ni mzima, ingawa baridi imenizoea kuliko nilivyoizoea mimi.

Bendi yetu imerekodi albamu mpya. Unawajua hawa Waairishi wangu: fidla, filimbi na zumari za mfuko, halafu magitaa ya umeme juu yake, watu wanarukaruka mpaka bia zinamwagika. Ulipotusikia kwenye simu uliuliza, "Marwa, hao wanapigana?" Safari hii tumepoa. Kiongozi wetu amepata mtoto, hataki tena kupayuka. Mashabiki wananung'unika eti tumekuwa kwaya ya Jumapili.

Mimi kelele ile ilinifaa, Mama. Nilizichapa ngoma kwa nguvu ili nisimsikie Chacha. Sasa tunapiga taratibu, na ninamsikia. Tulipokuwa tunarekodi wimbo wa mwisho mikono yangu iligonga yenyewe: mara tatu, kimya, mara tatu. Ndivyo kaka Chacha alivyogonga mwamba kwa nyundo wakati ule wa rashi, watu walipomiminika kuchimba dhahabu, shimo lilipomfunika. Wachimbaji wote waliijua ishara hiyo, kwamba mtu yuko hai. Sisi tulifukua, na wewe ulikaa mdomoni mwa shimo ukimjibu kwa jiwe. Walipokusihi upumzike ulisema, "Mwanangu anaita. Ninyamaze, halafu adhani nimeondoka?" Uliendelea kugonga hata yeye aliponyamaza. Mpaka leo hatujamtoa.

Kiongozi alifurahia mlio ule, akasema ndio utakaofunga albamu. Hakujua kitu. Nilitoka nje nikalia, kisha nikamweleza. Alivua kofia, akasema wimbo hautatoka mpaka mama aseme.

Naogopa, Mama. Naogopa kumpeleka Chacha kwa wageni wakamchezee na bia zao mkononi. Naogopa pia kumnyamazisha kwa mkono wangu.

Ghati ana wimbo huo kwenye simu yake. Jumapili mkitoka kanisani nitakupigia kwenye yako, naye akuwekee usikilize, nami nitakuwa kwenye laini nikisikia. Usinieleze lolote, najua kumtaja kunakuumiza. Mwishoni utamsikia akigonga, halafu kuna kimya kirefu. Hicho nimekuachia wewe. Ukimjibu, wimbo utatoka. Usipomjibu, nitaufuta na sitauliza tena.

Nisalimie shangazi wa Isebania akivuka mpaka wa Sirari kuja kwenye soko. Na mjomba aliyeko na ng'ombe kule Mbalibali, mwambie dume langu asiligeuze mahari yake ya uzeeni.

Ghati ameniambia lile jiwe bado unalo, chini ya kitanda.

Ni mimi mwanao uliyebaki naye,
Marwa