Keki ya Manesi

Shoga uko? Usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Nina sukari. Sukari ya mimba. Nimeambiwa leo kliniki, na aliyeniambia alikuwa na keki yangu mdomoni.

Si unakumbuka niliapa mimba ikifika miezi sita nitawapelekea manesi keki? Miaka saba naambiwa ovari zangu zina vifuko, kushika mimba ni bahati. Basi nikawaokea ya ghorofa mbili. Wamekula, wamenisifu. Nesi mkuu akafungua majibu yangu huku anatafuna. Akaacha kutafuna.

Akaacha kutafuna, shoga.

"Mama, si daktari alikwambia wenye ovari kama zako wapime sukari mapema?"

Aliniambia. Nikaahirisha mara mbili, nilikuwa na oda za keki za harusi.

Akaniuliza nakula nini. Nikamwambia nakula kidogo sana. Akaiangalia ile keki.

"Na kuonja je?"

Mimi kuonja sijawahi kuhesabu kuwa ni kula. Kutwa nzima naonja!

Nimepewa kimashine, nijitoboe kidole mara nne kwa siku. Mtoto moyo wake unapiga vizuri, ila wamesema nisicheze. Hata kulia silii. Nipo tu kama gogo.

Sasa niko jikoni. Nimepiga krimu ya bibi harusi wa kesho. Mkono umeinua kijiko wenyewe mpaka mdomoni, ndipo nikakumbuka. Nimesimama nacho hivihivi mpaka krimu inadondoka sakafuni.

Njoo unionjee.